Mafundo kwenye Mizizi ya Nyanya

Akina mama wenzangu, na nyie wazee mliokaa kule nyuma karibu na mlango, amani iwe kwenu. Mimi si mzoefu wa kusimama mbele za watu, kwa hiyo mkiona natetemeka, niacheni nitetemeke. Leo nasema lile jambo mnalolijua nusu nusu. Majina ya watu sitataja. Wengine wamo humu ndani, na hatuna ugomvi.

Nilipoolewa hapa Kasokola, reli ya Mpanda ilikuwa bado mpya, na watu wa mgodini walikuwa wakitafuta mboga kama wanaotafuta maji. Nikalima nyanya, bilinganya na tumbaku kidogo kandokando ya mto. Zilikubali. Wanawake wakaanza kuja kwangu kuomba miche, nami sikumnyima mtu. Mnajua desturi yetu: mche hautolewi uchi. Unang'olewa na tonge la udongo wake, unafungwa kwenye jani la mgomba, ili ukifika ugenini usione upweke. Nusu ya bustani za kijiji hiki zilitoka kwenye kitalu changu, na nilijivuna kwa hilo.

Halafu bustani yangu ikaanza kuugua. Jua likifika utosini, nyanya zinalegea, na udongo chini umelowa. Jioni zinainuka, kesho zinalegea tena. Majani yakawa ya njano, matunda yakadumaa. Nikang'oa mche mmoja. Ndugu zangu, nawaambia, nilipoiona ile mizizi niliitupa chini. Ilikuwa imevimba mafundo mafundo kama tangawizi.

Niliificha. Nikahamia shamba jingine mbali na mto, nikabeba miche yangu na udongo wake. Msimu huo huo mafundo yakanifuata. Nikajaribu mahali pa tatu, nako yakafika.

Nikiwa nahangaika na yangu, nikasikia kwa jirani nyanya zimelegea, na kwa jirani wa jirani pia. Kila aliyepokea mche kwangu aling'oa akakuta mafundo. Mnajua wenyewe watu wanasemaje wakiona fundo ambalo hakuna aliyemwona mfungaji wake. Kisha yakanyauka hata maua ya kanisani, yale niliyoyapanda mimi mwenyewe pembeni ya ngazi. Mtu akayang'oa Jumapili baada ya misa, akayainua juu ili kila mtu aone mizizi. Kisha akaniangalia mimi.

Tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyetumwa kwangu kuomba moto. Nikifika mtoni, wenzangu wanajitwika ndoo ambazo hazijajaa. Asubuhi nafungua mlango nakuta miche iliyokauka imelazwa kizingitini, mizizi ikinitazama. Mume wangu akaanza kulala kwa kaka yake, anasema mgongo unamuuma, kitanda chetu kibaya. Kilikuwa kitanda kile kile.

Nitawaambia jambo linaloniumiza zaidi. Na mimi nilianza kuamini. Nilikuwa nauangalia mkono wangu huu nikijiuliza una nini. Nikaacha kumshika mwanangu kichwani.

Wazee wa ukoo wa mume wangu wakakaa kikao. Wakasema mvua zisinikute hapa. Niondoke, mtoto abaki. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka.

Aliyejibu ni wifi yangu. Huyu aliwahi kuolewa huko kwa wakulima wa tumbaku upande wa Urambo, akarudi na mdomo usioogopa mtu. Akasema, "Wazee wangu, shikamooni. Kule nilikokaa mtu hapandi mbegu ya tumbaku mpaka arundike matawi juu ya kitalu na kuyachoma, udongo uive. Walisema udongo wa zamani unakula mizizi. Sasa mpeni huyu mbegu za nyanya za aina moja, azipande kwa mkono wake huo huo, nusu kule mtoni, nusu kule kilimani, tukishapachoma kwanza. Kama ubaya uko mkononi, utaonekana kote kuwili. Kama hauko, mtaniambia nyie."

Mzee mkubwa akautazama mkono wangu. Mwisho akasema, "Tutaangalia."

Tukachoma matawi kilimani, nami nikapanda kote mbele ya macho yao. Siku zile zote nilikuwa kama mtu anayesubiri kunyongwa. Nilimwagilia huku nikiogopa hata kuyatazama majani.

Miche ilipofika shibiri wakaja. Ya mtoni ikang'olewa: mafundo, madogo, lakini yapo. Tukakwea hadi kilimani. Mzee akang'oa mmoja, akaupukuta. Mizizi myeupe, laini kama nywele za mtoto. Akang'oa mwingine, na mwingine, mpaka wifi akamwambia, "Baba, tuachie na za kula." Mzee akauweka mche chini polepole akasema, "Basi ni udongo." Nililia nikiwa nimesimama.

Baadaye bwana shamba alipopita kutoka Mpanda alituambia ni vijidudu kama minyoo, vidogo mno kwa jicho, vinakaa udongoni na kuingia kwenye mizizi. Lile tonge letu la upendo ndilo lililovibeba nyumba hadi nyumba.

Namshukuru Mungu, namshukuru wifi yangu, na huyo mzee aliyekubali kuangalia kabla ya kuhukumu. Mume wangu naye amerudi, na mgongo umepona. Sasa kule mtoni tunapanda karanga na uwele, nyanya tumezipa mapumziko, kitalu tunachoma kwanza, jembe tunaliosha. Mche ukimpa mwenzio, utoe kwenye udongo ulioiva, si kwenye shamba lililougua, hata kama roho inakusuta kwa kumnyima.

Lakini sikusimama leo kwa sababu ya nyanya. Jana nimesikia kwamba upande wa Sitalike kuna mama mjane, bilinganya za jirani zake zimefanya mafundo, na ameshaambiwa afunge mizigo. Simjui, wala yeye hanijui. Kesho asubuhi kuna lori la mahindi linakwenda huko, nami na wifi tumeshaomba nafasi. Anayetaka kuja nasi aje na jembe, tukachimbe mbele ya wazee wao kabla hawajamtoa.