Fundi Severini na Gunia Lililopaa Chekanao

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae. Anayemenya viazi aendelee kumenya. Dereva uliye kwenye foleni ya mpakani, zima injini kidogo, foleni yenyewe haisogei. Saa hii tumempa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Severini Nzunda. Fundi Severini. Amefariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake Nanyala, akiwa na miaka sabini na miwili. Amezikwa Iyula alikozaliwa, kando ya shamba la kahawa la baba yake. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: ni Severini Nzunda, fundi, wa Nanyala.

Wengi wenu hapa Tunduma mnamjua kwa jina jingine. Mnamjua kama yule mzee aliyekata mnyororo. Juzi binti yake, Edina, alikuja hapa studio. Hakutaka chai, hata kukaa hakutaka. Aliniambia, "Naomba umtaje baba kwa jina lake lote. Halafu useme na nilichofanya mimi." Basi nitayasema yote mawili.

Severini alikuwa mtu wa kushuku. Hilo familia yake haifichi. Mkate wa dukani aliupasua katikati na kuunusa kabla hajala. Ngazi ya jirani hakuipanda mpaka aitikise mara tatu. Mjane wake, Mama Ketrina, ananiambia hivi: "Siku ya harusi yetu alivaa suti ya kuazima. Gari lilipofika kutuchukua, akaingia uvunguni mwa gari na ile suti. Mimi nimesimama na shela, wasimamizi wamesimama. Akatoka na mafuta kwenye kola, akasema breki hizi hazimbebi mke wangu. Tukaenda kanisani kwa miguu."

Ushuku huo ndio uliomlisha. Alianza na mashine za kukoboa kahawa kule Iyula. Akaja Tunduma kuchomelea malori, miaka mingi, mpaka madereva wa nchi tatu wakamjua. Uzeeni akachukuliwa kazi Chekanao. Mnaikumbuka Chekanao, ile bustani ya michezo ya watoto iliyokuwa kando ya barabara kuu. Palikuwa na vigari vya kugongana, na farasi wa plastiki, na ile bembea kubwa ya kuzunguka waliyoiita Kimbunga: viti kumi na sita vinavyoning'inia kwa minyororo, mota ikiwaka vinapaa kuzunguka nguzo. Kila asubuhi Severini alipita na nyundo ndogo, akagonga kila pete ya kila mnyororo na kusikiliza. Pete nzima inalia, alisema. Mbovu inakohoa.

Kisha ukaja ugonjwa. Shule zikafungwa, Chekanao ikafungwa. Kimbunga kikanyeshewa mvua za mwisho za msimu, viti vimefunikwa turubai.

Wasikilizaji, mnaukumbuka mji wetu wakati ule. Dereva akikohoa, kibanda kizima cha chakula kinanyanyuka. Mtu akishuka kwenye lori unahesabu hatua kati yako na yeye. Tulitazamana kwa jicho la pembeni, hata ndugu wa tumbo moja. Sikumbuki wakati mwingine tuliposhukiana hivyo.

Shule zilipofunguliwa tena, na Chekanao ikafunguliwa. Mwenye bustani, bwana Boazi, alijiandaa kweli. Aliweka ndoo za maji na sabuni getini. Akaleta barakoa, na kipimo cha joto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Viti vya Kimbunga vikawa vinakaliwa kimoja, kinaachwa kimoja. Akanunua bomba la kubeba mgongoni na mapipa ya dawa ya klorini, na kazi ya kupulizia akampa Edina, binti wa Severini.

Fundi Severini mwenyewe hakuitwa. Alipokwenda kuuliza, Boazi alimwambia kwa upole, wakiwa wamesimama mbali, "Mzee wangu, ugonjwa huu unawatafuta watu wa umri wako. Pumzika nyumbani."

Akapumzika nyumbani. Lakini jicho lake halikupumzika.

Edina alirudi kila jioni na harufu ya klorini, na dawa iliyobaki akaja nayo kwenye chupa, ya kusafishia choo cha nyumbani. Baada ya wiki mbili baba yake akamwuliza, "Hiyo dawa mnapulizia wapi?"

"Kila mahali, baba. Viti, minyororo, vishikio. Asubuhi, halafu kila watoto wakishuka."

"Mnasuuza kwa maji?"

"Hapana. Bosi anasema harufu ikisikika ndipo wazazi wanaamini."

Severini akainua ndoo ya Edina, ile aliyochanganyia dawa kazini na kurudi nayo. Mshikio wake wa waya ulikuwa umeliwa hadi umebaki mwembamba kama sindano ya kushonea magunia. Akaushika, ukakatika vidoleni mwake. Usiku ule, anasema Edina, hakugusa chakula.

Kesho yake alikwenda bustanini kuomba ashushe mnyororo mmoja tu, aukague. Boazi akamkatalia. Wiki iliyofuata akarudi, akakataliwa tena, na safari hii mbele ya watu. Boazi akasema kwa sauti, "Fundi, sema ukweli. Unatafuta kurudi kazini kwa mlango wa nyuma."

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yalipoharibika. Siku ya Jumamosi, Edina akiwa anajiandaa kwenda kazini, alimwona baba yake akichukua msumeno wa chuma. Akauviringisha kwenye gunia, akauweka kwapani, akatoka. Mchana, mlinzi wa Chekanao akamwona Severini kwenye uzio wa bustani, akiwa na kile kifurushi. Jioni akarudi nyumbani na vumbi la kutu kwenye suruali. Edina aliona. Hakuuliza.

Jumapili bustani ilifurika. Watoto walikuwa wamefungiwa majumbani miezi, leo wamevalishwa za sikukuu. Wamepanga mstari mbele ya Kimbunga, kila mmoja kwenye duara lake la chokaa. Ndipo guta la kubebea mizigo likaingia getini, na juu yake magunia manane ya mahindi, nusunusu, kila moja limefungwa shingo kwa kamba. Severini akashuka. Barakoa imemkaa kidevuni, shati limelowa jasho. Akasimama kati ya mstari wa watoto na ile mashine.

"Mahindi yapande kwanza," akasema. "Kila gunia nimelipima, uzito wa mtoto wa miaka kumi. Yakishuka salama, nitawaomba radhi mbele ya kanisa."

Watu wakacheka. Kijana mmoja akapiga kelele, "Mzee, mahindi nayo yavae barakoa!" Boazi akaona ndiyo nafasi ya kumwaibisha amalizane naye. Akasema, "Pakieni."

Edina alikuwa pale pale na bomba lake mgongoni. Aliyaona magunia manane yakikalishwa kwenye viti vinane na kufungwa mikanda. Mota ikawaka. Magunia yakainuka polepole, yakazunguka, watoto wakashangilia. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu viti vikawa juu ya vichwa vya watu, na mnyororo wa kiti cha tano ukakatika.

Gunia likapaa. Likaruka uzio, likapasukia ubavuni mwa lori lililoegeshwa barabarani, mahindi yakamwagika lami nzima. Hakuna aliyeumia. Nasema tena, hakuna aliyeumia. Mota ikazimwa.

Mtoto aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari alikuwa binti wa mama mmoja mzaliwa wa Nakonde, aliyeolewa hapa Tunduma. Alikuwa ameshachagua kiti cha tano, kwa sababu ni chekundu. Mama yule alipiga magoti chini, akapiga makofi taratibu kwa heshima. "Natotela, batata," akasema kwa Kibemba. Asante, baba.

Shukrani aliyoipata Severini siku ile ni hiyo moja tu.

Kwani Boazi alikuwa ameshaanza kupiga kelele. "Amekata! Jana mlinzi wangu alimwona hapa na msumeno! Amekata mnyororo wangu kwa chuki ya kazi!" Na watu, wasikilizaji, watu wale wale waliokuwa wakicheka, wakageuka. Lisemwalo lipo, wakasema. Alijuaje kwamba utakatika?

"Uchukueni muutazame," Severini akasema. "Chuma kilichokatwa na msumeno kinang'aa. Utazameni tu."

Mnyororo ulikuwa chini, umelowa dawa. Hakuna aliyeinama. Siku zile nani alikuwa anaokota kitu kilichoshikwa na watu?

Akamtazama binti yake. Edina ananiambia kwamba baba yake hakumwita wala hakumwashiria. Alimtazama tu, kama mtu anayengoja. "Na mimi akilini nilikuwa bado nauona ule msumeno wa Jumamosi kwapani mwake," anasema Edina. "Nikatazama chini."

Chekanao ikafungwa. Vijana kumi na mmoja wakakosa kazi, na Edina wa kumi na mbili. Fundi akapewa lile jina. Hakupelekwa popote, hakushtakiwa, lakini kuanzia siku ile hakuna aliyemletea hata baiskeli kuchomelea. Edina akahamia kwa shangazi yake Tunduma mjini. Akawa anakuja Nanyala kumwona mama yake saa anazojua baba yuko shamba.

Miezi kumi na saba, wasikilizaji. Ndani ya miezi hiyo Edina aliolewa na Brayson, wakala wa kutoa mizigo mpakani. Kanisani aliyemshika mkono alikuwa baba yake mdogo. Severini alikaa benchi la mwisho. Watu wakitoka, wakamwona amechuchumaa kwenye matairi ya gari la bibi harusi, akipapasa nati. Wakanong'onezana, "Mwangalieni huyo asije akazilegeza." Edina aliisikia kauli hiyo kwa masikio yake. Na ninyi mniwie radhi, nasema alichoniomba niseme: na yeye aligeuka akamwambia Brayson, hebu kakague.

Nati zilikuwa zimekazwa. Mbili zilikuwa zimekazwa muda ule ule.

Ukweli ulikuja wenyewe. Boazi alipata mnunuzi wa ile mashine, akaita mafundi wa kutoka mbali waifungue. Mkubwa wao, aliyeitwa Sebastian, alishika mnyororo wa kiti cha kwanza akauvuta, akabaki nao mkononi. Akavuta wa pili. Minyororo mitano ikamkatikia hivyo, bila msumeno, bila nyundo. Akamwuliza Boazi, "Hii mlikuwa mnaiogesha na kitu gani?"

Boazi alibeba minyororo ile kwenye kiroba, akaenda nayo Nanyala. Alimkuta Edina yuko kwa mama yake. Akaimwaga barazani. Edina akaokota pete moja. Haikung'aa popote. Ilimomonyoka kama sukari guru iliyopata maji.

Akamgeukia mama yake. "Mama, na ule msumeno wa Jumamosi?"

Mama Ketrina akashangaa. "Msumeno? Si alichukua mnyororo wa geti letu, akauloweka kwenye dawa yako siku kumi? Jumamosi akaenda kuubana kwenye jiriwa ya fundi mwenzake, Gwalugano, akaukata aone umeliwa kiasi gani ndani. Akampelekea Boazi vipande. Muulize huyu hapa."

Boazi alikuwa ameinamisha kichwa. "Aliniletea," akasema. "Sikuvipokea. Nilimwambia sijui vimeshikwa na nani."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuuliza, mwanangu. Nilidhani umemkasirikia kwa ajili ya kazi."

Severini alirudi kutoka shamba saa kumi. Akawakuta watatu barazani, akaiona minyororo, akaelewa. Boazi akaomba radhi, akapewa mkono na kiti. Edina akapiga magoti. Hapa nitayasoma maneno ya mzee kama Edina alivyoyaandika, maana hakutaka niyakosee.

"Simama. Kushuku si dhambi. Mimi nimeshuku maisha yangu yote. Lakini mimi nikishuku kitu nakwenda kukigonga nisikie. Wewe ulinishuku, ukakaa mbali. Ungekuja ukanigonga, mwanangu. Ningelia."

Wasikilizaji wapendwa, baada ya siku ile waliishi vizuri. Edina alirudi nyumbani, mtoto wake wa kwanza alibatizwa akiwa mikononi mwa babu yake. Boazi alitangaza ukweli mbele ya kanisa la Nanyala, na baadhi yenu mlikuwepo. Ila uongo ulikuwa umeshasafiri kwa malori, ukweli ukaja kwa miguu. Jumamosi iliyopita, kwenye mazishi kule Iyula, kuna mtu alimwuliza jirani yake kwa sauti ya chini, "Hivi ndiye yule aliyekata mnyororo?" Edina alikuwa nyuma yao. Safari hii hakutazama chini. Alisema, mbele ya jeneza na mbele ya mchungaji, "Hakukata. Niulizeni mimi."

Na wakamwuliza. Mazishi yakachelewa karibu saa nzima.

Kwa niaba ya watangazaji wote tunampa pole Mama Ketrina. Pole Edina, pole Brayson, pole ukoo wote wa Nzunda, Iyula na Nanyala. Mungu amlaze fundi wetu pema.

Na wewe unayenisikiliza. Najua kuna mtu unamkwepa. Pengine ni jirani, pengine ni ndugu, pengine mko nyumba moja na mnapishana mlangoni. Unalo jambo uliloliona nusu, na nusu nyingine umejijazia mwenyewe. Mpigie simu, au nenda kwake kwa miguu. Muulize leo, maana bado yupo wa kukujibu.