Suruali Nyeusi, Uzi wa Kijani

Benchi letu limebanwa kati ya boksi langu la kushonea viatu na cherehani ya Fundi. Kwa miaka miwili kazi yetu ya kwanza asubuhi, kabla hata ya kahawa, ilikuwa kumtungia Fundi uzi kwenye sindano, maana mtoto wa jicho alishamfunika macho yote mawili. Anakupa uzi, anakuambia, "Nitungie huo mweusi," nawe unaona ni kijani kabisa. Unautunga, unanyamaza. Juzi kamaliza kufanyiwa upasuaji wa jicho la pili. Leo anarudi kazini, na benchi halikaliki.

— Wamemtia lenzi za kisasa, alisema Daktari, ambaye kwa kweli ni mfagiaji wa duka la dawa. Anaona karibu, katikati na mbali. Miwani kwaheri.

— Katikati ya nini? aliuliza Kipaza, utingo mstaafu asiyejua kunong'ona.

— Usinichoshe! Ndani mna kikamera.

— Basi kinataka chaji. Wanamchomeka ukutani akilala.

— Binti yake kaniambia usiku taa anaziona zina pete pete, alisema Daktari. Kwenye kliniki wamesema atazoea.

— Pete? Mtambo huo unatafuta mtandao! Ataona mpaka vilivyo mfukoni. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Sasa hapo nani anazaa?

— Mfukoni mwako mna nini? alidakia Mama Kahawa, akimimina. Mimi naiogopa hiyo suruali yako, Kipaza.

Wote tukaitazama. Suruali nyeusi, mishono ya kijani toka kiunoni hadi kwenye pindo. Kipaza aliivaa hata kwenye harusi ya binti yake.

— Kabadilishe, ndugu yangu, nilimsihi.

— Nyingine ina uzi mwekundu!

Fundi akatokea kwenye kona, peke yake, bila kushikwa mkono. Hata hakutusalimia. Alikaa, akalamba ncha ya uzi, akautunga. Mara moja tu! Machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Kisha akatutazama mmoja mmoja.

— Kumbe mmezeeka hivi?

Tulicheka mpaka Daktari akamwaga kahawa. Lakini macho ya Fundi yalishatua kwenye suruali ya Kipaza. Yakahamia kwenye kola yangu, kisha kwenye koti la Daktari.

— Hizi nimeshona mimi?

Kipaza alirudisha miguu chini ya benchi.

— Miaka miwili uzi mnautunga kwa mikono yenu, rangi mnaiona. Kwa nini hamkuniambia?

Mama Kahawa alianza kufuta vikombe vilivyokwisha kufutwa.

Fundi alijipangusa mashavu, taratibu, asiyaguse macho mapya.

— Asanteni, ndugu zangu. Asanteni sana. Haya, Kipaza, lete hiyo niifumue.

— Hii ya harusi ya mwanangu? Thubutu! Nitakuletea ile ya uzi mwekundu.