Kiinua Mgongo Huinua Mara Moja

Assalaam alaykum, ndugu zangu wa mchezo wetu huu wa kuchangiana pesa. Nimeambiwa nimalize kabla kahawa haijapoa, basi ntajaribu.

Wengi mnanijua kwa sare. Nilikuwa polisi wa usalama barabarani hapa Maskati. Miaka michache kabla sijafikia haki ya pensheni, mama alianza kupotewa na kumbukumbu. Akitoka nyumbani kwetu Sib kutafuta duka la babake, na duka lenyewe lilikuwa Unguja. Nikaacha kazi nimuuguze. Hilo silijutii.

Afisini nikauliza kitu kimoja tu: "Ntapata kiasi gani?" Sikuuliza ninaacha nini. Nikapewa kiinua mgongo kwa mkupuo, na miaka yangu yote ya kuchangia ikafungwa hapo hapo.

Pesa zile zilimlipa muuguzi, zikatengeneza choo mama asiteleze. Alipofariki, Mungu amrehemu, nazo zilikuwa zimekwisha.

Ndugu zangu, nakwambieni, siku ya mshahara mnaijua. Tumekaa kwa kaka yangu, simu zinalia moja baada ya moja, benki hiyo. Yangu kimya. Nikaigeuza kifudifudi, kama iliyonikosea adabu.

Khalati yangu, mdogo wake mama, aliniona. Akaniita jikoni.

"Mwanangu, kiinua mgongo kishakuinua. Sasa nani anakushikilia?"

Nikalia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Haya, basi. Nifundishe gari."

"Wewe, khalati? Na magoti hayo?"

"Kwani gari inaendeshwa kwa magoti? Ntakulipa. Umewatia watu faini miaka yote, sasa wafunze wasitiwe."

Nikachukua leseni ya ualimu. Yeye akawa mwanafunzi wangu wa kwanza, akaniletea majirani, nao wakaleta jamaa zao wa Azaiba. Leo najichangia mwenyewe hifadhi ya jamii. Nimeanza upya, na uzeeni sitapata kile ambacho ningepata polisi. Lakini cha kila mwezi kitakuwepo, inshallah.

Ahsanteni nyinyi mlioniachia zamu ya kwanza ya mchezo nikanunua gari ya kufundishia. Na anayetaka kuacha kazi mapema, hata kwa sababu njema kama yangu, asiulize anapewa nini leo tu. Aulize pia siku mkono unapochoka, nani atamlipa.

Nisameheni, simu yangu inalia. Si benki. Ni khalati, yuko hapo nje: kaegesha peke yake, mashallah, kutoka garini ndiyo hawezi, yale magoti. Niombeeni dua, nakwenda kumtoa.