Rahab Wariara na Vigingi Kumi na Viwili Vilivyobaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya upimaji ya baraza letu la mji, Bi. Rahab Wariara anastaafu Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2008. Aliajiriwa mwaka wa 1977 kuchora ramani, akachoshwa na kiti kabla mwaka haujaisha, akaomba kazi ya nje. Tangu hapo buti zake zimeacha tope mlangoni mwa ofisi, na wafagiaji wamemshtaki kwa wakuu watano bila mafanikio.

Mvua za El Nino za mwaka wa 1997 zilipolijaza ziwa letu hadi likaingia vyumbani mwa watu, sote tulishtuka. Maji yaliporudi nyuma tukasahau, watu wakaanza kujenga ukingoni. Rahab hakusahau. Alisumbua baraza letu na baraza jirani mpaka yakakubaliana juu ya mstari mmoja wa vigingi vya zege mia moja na arobaini, kuonyesha maji yanaweza kurudi hadi wapi. Mwaka jana wageni walitoka mabaraza ya Pwani, ambako bahari inapanda na kula ufuo, wakaja kujifunza jinsi mabaraza mawili yanavyoweza kulinda ukingo mmoja bila kugombana.

Siri yenyewe ni ndogo. Katika kila kigingi, mtu wa baraza moja hushika fimbo ya vipimo, na wa baraza la pili husoma namba kwa darubini. Kisha hubadilishana. Namba zikilingana, wote wawili hutia sahihi. Sahihi moja haitambuliwi na yeyote.

Mwenzake wa baraza jirani alikuwa Bw. Kipketer, mzaliwa wa Keringet, aliyepanga chumba mtaani Karagita. Walifanya kazi pamoja miaka tisa. Siku moja kiboko alitoka kwenye matete, Kipketer akatimua mbio na fimbo begani, akamwacha Rahab akipanda mti na darubini yake. Tangu siku hiyo Rahab alimtambulisha kwa wageni wote hivi: "Huyu ni Kipketer, aliokoa fimbo." Kipketer naye, aliyemwita mama kimtaani, alikuwa akijibu, "Mathe, wewe ungeliwa, lakini fimbo ni ya serikali!"

Januari mwaka huu Rahab alikuwa Nakuru kwa dada yake barabara zilipofungwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi. Aliporudi, chumba cha Karagita kilikuwa na mpangaji mwingine. Waliomfukuza Kipketer na mkewe wanazungumza lugha ya nyumbani kwa Rahab, na jambo hilo limemkaa rohoni. Amemwandikia barua tatu. Hajajibiwa.

Baraza jirani lilimhamishia Kipketer kituo cha kule kwao Keringet, likajitolea kuleta mtu mwingine. Rahab akakataa. Alisema mwenye kazi yupo hai na hajaacha kazi. Kuanzia Februari akawa anaifunga fimbo kwenye kigingi kwa kamba za mpira, anatembea hadi kwenye darubini, anasoma, anarudi kuinyoosha, anakwenda kusoma tena. Amepima hivyo vigingi kumi na viwili vya mwisho. Kila kimoja kina sahihi moja.

Nitasema ukweli kwa sababu jarida hili husomwa na sisi wenyewe. Tulimwona akitoka peke yake kila asubuhi. Kila mmoja wetu alikuwa na faili la haraka. Alikuwa akila chakula chake kando ya maji, akirudi anatusalimia kwa uchangamfu, nasi tukafurahi kuamini kwamba yuko sawa. Hakuwa sawa. Mimi niliketi dawati la pili kutoka kwake na sikumwuliza hata mara moja, na ninaona aibu.

Wiki jana ndipo nilipouliza. Akaniambia kwamba Jumanne, siku yake ya kwanza ya kustaafu, anakwenda Keringet. Daftari la vipimo analiacha ofisini. Anataka kwanza kumwambia Kipketer pole, na kumwomba msamaha kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitenda. Habari ya vigingi ataitaja baadaye, akiulizwa. Hajui kama ataulizwa.

Bi. Rahab, asante kwa miaka yako yote, pamoja na ile miezi mitano tuliyokuacha peke yako. Tunakuombea uzee wenye afya na watu wa kuzungumza nao. Na Jumanne, ukibisha hodi, tunakuombea uambiwe karibu.