Kipaza wa Stendi na Kadi Iliyokaa Pochini

Mliofika kumzika leo mlimwita Kipaza, na wengi wenu mliijua sauti yake kabla ya kuuona uso wake. Maisha yake yameandikwa hapa na mdogo wake wa kike, kwa idhini ya mume wa marehemu na bila idhini ya wengine.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1981, katika wodi ya wazazi iliyokuwa nyuma ya soko la zamani, mtoto wa kwanza wa mshonaji na dereva wa lori. Alichelewa kusema. Siku alipoanza, akiwa amejikunyata chini ya cherehani, alitoa taarifa ya habari nzima kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kisha akanyamaza tena kama si yeye. Mama yake alicheka mpaka akajichoma sindano. Baba mdogo, aliyekuwa mkaguzi wa shule na ambaye hajaacha kukagua hadi leo, alikata shauri palepale: mtoto ana kiburi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1988, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1999. Mwalimu wa darasa la tatu alimchapa kwa kutomtazama machoni. Alipoamriwa atazame, alimkazia macho bila kupepesa hadi mwalimu akaona haya, akamchapa tena. Mwalimu huyo ametuma salamu za rambirambi. Zimepokelewa.

Mwaka 2002 aliajiriwa stendi kuu ya mabasi kutangaza safari. Kibanda chake cha kioo kilikuwa juu ya ofisi ya mizigo, na kuta zake alizibandika vipande vya godoro ili makelele ya chini yasimfikie. Humo, akiwa na maneno yaliyoandikwa mbele yake na mlango umefungwa, hakuna aliyemweza. Abiria walioachwa na basi walipanda ngazi wakiwa wamekunja mikono ya mashati, na wakishamsikia akisema, "Samahani, limeondoka," walishuka wamepoa. Meneja alipenda kuwaleta wageni wakubwa wamwone, kama mtu anayeonyesha kasuku wake. Marehemu hakugeuka hata mara moja. Watu wanaoishi ili waonwe aliwadharau tangu ujana, na hakuona haja ya kuficha.

Mtu mmoja tu alipanda ngazi zile bila shida ya basi: fundi aliyeshona viti vya mabasi katika gereji ya jirani. Alikuwa akikaa kwenye ngazi ya juu, anakula chakula chake cha mchana, anashuka. Siku moja aliuliza, "Wewe unapenda watu?"

"Wachache."

"Na mimi je?"

"Wewe hutafuni kwa kelele," akajibu marehemu. Walifunga ndoa tarehe 14 Aprili 2007, na wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2010 daktari bingwa alimweleza kwamba ana usonji, na kwamba ndivyo alivyozaliwa. Marehemu aliuliza, "Kwa hiyo hakikuwa kiburi?" Daktari akasema hapana. "Kiburi pia ninacho," akasema marehemu. "Lakini hicho ni changu, sikuzaliwa nacho."

Kadi ilikuja miaka mitatu baadaye. King'ora kililia ndani ya duka kubwa, sauti ikampotea, naye akasimama ameziba masikio. Mlinzi alimkamata mkono. Alipoutoa kwa nguvu, akaitiwa polisi. Askari walimlaza mahabusu kwa ulevi, mtu ambaye hakuwahi kuonja tone. Alipotoka, mumewe alimwandikia maneno ya kubeba pochini: "Nina usonji. Kelele zikizidi, siwezi kusema. Sijalewa. Sikudharau. Usinishike. Nipe nafasi, nitajibu." Marehemu alisoma, akachukua kalamu, akafuta "Sikudharau." Akamwambia mumewe, "Hapo usinisemee uongo." Ndipo ikachapwa na kutiwa plastiki.

Wapo walioipokea kadi ile kama watu wenye akili zao. Wengine ni hawa tunaoishi nao. Karani wa benki aliisomea foleni nzima kwa sauti, watu wakacheka. Ofisa mmoja aliigeuza huku na huku, akasema, "Mbona unaonekana mzima?" Marehemu alisubiri mpaka sauti imrudie, akamjibu, "Ndiyo maana nimekuletea maandishi." Baba mdogo naye aliikuta mezani. "Sasa umekuwa chupa ya dawa, mpaka ubandikwe karatasi?" Marehemu akamwambia, "Chupa ya dawa watu huisoma kabla ya kuishika."

Figo zake zilianza kushindwa mwaka 2021. Tarehe 3 Septemba 2022 alianguka nyumbani, mumewe akiwa safarini, na baba mdogo ndiye aliyempeleka hospitali. Kwenye gari aliitoa kadi pochini mwa marehemu, akaitia katika koti lake. Mapokezi palikuwa na vurugu. Marehemu aliishiwa sauti, akawa anaipekua pochi, anaigeuza ndani nje. Muuguzi aliuliza ana nini. Baba mdogo akajibu, "Ana visirani tu, tangu utoto." Basi wakamshika, naye akapambana, wakamfunga kitandani kwenye korido, wakaandika kwamba amelewa. Dawa yake ilichelewa mpaka mumewe alipofika. Akamwomba muuguzi afungue kamba, azime taa ya juu, aulize swali moja moja. Marehemu alijibu yote kwa ishara ya kichwa.

Marehemu alipoweza kusema, baba mdogo alikuwa amesimama pembeni ya kitanda. "Nilikuwa nalinda jina la familia," alisema.

"Familia ni mimi," marehemu akamjibu. "Nilikuwa hapo, nimefungwa kamba. Hukuniona?"

Baba mdogo aliweka kadi juu ya shuka, akatoka. Marehemu hakuongea naye tena, na hakuonekana kupungukiwa na kitu.

Alifariki nyumbani tarehe 17 Februari 2024, chumbani mwake, mapazia yamefungwa, mumewe kando yake. Juzi tuliombwa tuliondoe neno usonji katika karatasi hizi, tuandike "maradhi ya muda mrefu." Maradhi yalikuwa ya figo, nazo ndizo zilizomuua. Usonji haukumuua. Neno limebaki, limechapwa, na kila mmoja wenu analo mkononi. Marehemu pia aliagiza kwamba hotuba zisiwepo. Wenye nazo wakawasomee wake zao.

Ameacha mume, binti, mama, mdogo wake wa kike, na baba mdogo mmoja. Apumzike kwa amani, mbali na wote waliomjua kuliko alivyojijua mwenyewe.