Mama Futi na Kanisa Lililoanzia Chumba cha Cherehani

Ndugu waombolezaji, mama yetu mpendwa, mliyemwita Mama Futi kwa kuwa futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa muuza mkaa, akasoma hadi darasa la nne, mwaka 1963, alipotolewa shule ili alee wadogo zake.

Alifundishwa kushona na shangazi yake, na tarehe 2 Septemba 1972 akafunga ndoa na marehemu baba yetu, seremala, wakajaliwa watoto wanne.

Jumapili ya tarehe 6 Juni 1976, Wamethodisti saba wasio na pa kusalia waliingia katika chumba chake cha kushonea, baba akawachongea mabenchi mawili, cherehani ikafunikwa kitambaa cheupe ikawa meza ya Bwana, na mhubiri alipokanyaga pedeli bila kujua, sindano ikaanza kucheza, mama akamwambia, "Mchungaji, wewe hubiri, kushona niachie mimi." Kundi hilo likakua, mwaka 1985 likahamia banda la mabati, na mwaka 2019 ukawekwa msingi wa jengo hili mlimoketi.

Tarehe 20 Februari 2022 alipooza miguu, lakini mikono haikugoma, akaomba ashone kitambaa cha meza ya kanisa jipya, akasema, "Nipelekeni nikapime mwenyewe, mimi sishonei nisichokigusa," nasi tukamwambia, ngoja ngazi zikamilike, mama, kisha ngoja rangi ikauke, kisha ngoja siku ya uzinduzi. Akatumwa mkwe wake mdogo, naye akawaonea haya mafundi walioizunguka meza, akapima kwa macho kutoka mlangoni. Mama akauliza, "Umeigusa, mwanangu?" Akajibiwa ndiyo, akashona.

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 8 Agosti 2023, saa tatu asubuhi, uzinduzi ukiwa umebakiza wiki tatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na leo yanayouma ni yetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi cherehani wenzake mliofunga kazi leo, wazee wa kanisa mliokubali milango ifunguliwe kabla ya siku ya uzinduzi, na majirani mliombeba kila mwezi hadi zahanati, wala hatukuwahi kuwaomba mpite naye hapa. Kitambaa mnachokiona mezani kimepungua kiganja kizima upande wa kushoto, kosa si la mikono yake, na mkwe wake anaomba kisirefushwe.

Karibu ndani, Mama. Pumzika kwa amani.