Tak Pan-dol, Mwenyekiti Aliyejitangaza Mwenyewe

Ndugu, majirani na nyote mliotoka mbali, familia inawasomea maisha ya mdogo wetu Tak Pan-dol kama yalivyokuwa, bila kuyatia sukari, maana waliomjua wamejaa humu na uongo ungezomewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1948 kijijini Sutgol, wilaya ya Hapcheon, hapa Korea Kusini, mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Tak Jae-man na Bi. Ha Jeom-sun. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1955 hadi 1961, hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa, wala asisifiwe leo kwa kuwa tu amelala kwenye jeneza, ila sauti alijaliwa, hata kengele ilipovunjika mwalimu alimtumia yeye.

Mwaka 1966 aliajiriwa kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ambayo baadaye ikawa yake, na tarehe 20 Oktoba 1974 alifunga ndoa na Ok Sun-rye, mwanamke mvumilivu kupita kiasi, wakajaliwa watoto watatu, In-gwon, Mi-ok na Gyu-cheol, na wajukuu watano. Mwaka 2009 alichaguliwa mwenyekiti wa kijiji, na tangu hapo kila alfajiri kipaza sauti cha juu ya nguzo kilituamsha, mbolea imefika, maji yatakatwa, mbuzi wa fulani yumo kwenye vitunguu vya fulani.

Korona ilipoingia, Februari 2020, alifunga ukumbi ambamo sisi vikongwe tulikula mchana na kucheza karata, tukanuna lakini tukatii. Ila tarehe 27 alikosea. Mama Gil-su, mjane wa kule chini, alikuwa amerudi kutoka Daegu, jiji ambako ugonjwa ulikuwa umepamba moto, alikokwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua, naye mwenyekiti akanguruma, "Wanakijiji, Mama Gil-su karudi jana na basi la Daegu, anakohoa, msimsogelee!" Kufikia adhuhuri mtu alikwisha kufunga kamba kwenye njia ya kwake, na majibu yalipotoka siku ya pili kwamba hana ugonjwa, hakuna aliyekwenda kumpa pole.

Tangu hapo Sutgol nzima iliacha kukohoa. Muuguzi wa kituo cha afya alipopita, kila mtu alikuwa mzima kama bwana harusi, wengine walimeza vidonge vya homa kabla hajafika, na dada yake marehemu, Bun-nyeo, mwenye miaka sabini na saba, alilala siku tatu chini ya blanketi akitetemeka na mlango kaufunga kwa ndani. Marehemu akaenda kumgongea.

"Dada, fungua."

"Ni pilipili tu imenipalia. Nenda zako."

"Nasikia unavyohema, dada. Fungua."

"Nifungue, kesho nisikie jina langu juu ya nguzo?"

Mkewe anasema siku hiyo marehemu hakugusa chakula, kwa sababu alijua dada yake akifia humo ndani, aliyeufunga ule mlango ni yeye.

Asubuhi ya tarehe 9 Machi alikwenda kwa Mama Gil-su, akaikata ile kamba kwa mkono wake, akasimama kwa mbali, barakoa usoni, akaomba radhi. Mama Gil-su hakuacha kuchambua maharage. "Aibu yangu uliipandisha kwenye nguzo, bwana mwenyekiti, halafu radhi unainong'oneza uani?"

Akaenda kwenye kipaza sauti. Alisema, na wote tulisikia, kwamba alimkosea Mama Gil-su, kwamba yeye mwenyewe ana homa tangu jana na anakwenda kupimwa, na kwamba hatataja tena jina la mgonjwa yeyote isipokuwa lake. "Mwenye homa anipigie simu, gari litapita nyuma ya nyumba, na mimi nitakuwa bubu."

Kabla ya chakula cha mchana walipiga simu watu wanne, wa kwanza dada yake, akimtukana. Marehemu alikutwa na mafua tu, dada yake alikutwa na Korona, hadi leo hajui aliipata wapi, akalazwa siku kumi na tisa, na daktari alisema angengoja siku mbili zaidi, historia ambayo ingesomwa ni yake. Yuko hapa, ndiye aliyeandikisha haya.

Baada ya hapo hakuna aliyemtenga mtu, waliojitenga walikuta chakula kimetundikwa mlangoni, na basi la chanjo la Aprili 2021 lilipandwa na wazee hamsini na wanane kati ya sitini na mmoja. Kwa watatu waliobaki marehemu alikwenda kuketi uani na kuwasikiliza, wawili wakachanjwa, wa tatu alikataa katakata, ni mzima mpaka leo, na marehemu hakumtaja kwa mtu.

Agosti 2023 aligundulika na saratani ya tumbo, akapasuliwa, akapata mwaka mmoja mzuri wa kugombana na sisi, na tarehe 6 Novemba 2024, saa kumi jioni, aliaga dunia akiwa na miaka sabini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika supu tangu juzi, na wenyeviti wenzake wa vijiji jirani. Inamshukuru Mama Gil-su, aliyemletea uji kila Jumanne, na ambaye jana alipooneshwa viti vya wageni alikwenda kukaa na wafiwa, na hakuna aliyemwinua. Tulimuuliza tumwandikie neno gani, akajibu, "Andikeni alikosea, halafu akaja."

Tumeandika. Pumzika sasa, mdogo wetu, kwa amani uliyoitafuta mwenyewe.